Kazi ya zimamoto: ari pekee haitoshi

Kijana anayeomba kazi ya zimamoto akiulizwa sababu, mara nyingi hujibu kwamba anapenda kuokoa watu. Ni jibu jema, na kikosi kisicho na watu wa aina hiyo hakifai kitu. Hata hivyo, wiki za mwanzo chuoni kuruta huzimaliza akiwa na mtungi wa hewa mgongoni, macho yamezibwa, anatambaa kwenye sakafu ya chumba kitupu. Hapo ndipo wakufunzi huanza kumjua.

Tuanze na mtungi wenyewe. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi bar 300 (bar ni kipimo cha shinikizo) una hewa ya lita 2,040 kwa hesabu ya karatasi. Kiasi halisi hupungua kidogo, kwa kuwa hewa iliyoshindiliwa sana haifuati kanuni hiyo kikamilifu. Filimbi ya tahadhari hulia shinikizo likishuka hadi karibu bar 55, na chini ya hapo ni akiba ya dharura ya lita 370 hivi. Zinabaki lita 1,660 za kufanyia kazi. Mtu anayetembea taratibu hutumia lita 40 kwa dakika, kwa hiyo ana dakika 41. Akipanda ngazi huku akivuta mpira wenye maji, hutumia lita 80, na muda unashuka hadi dakika 20. Akishikwa na hofu akaanza kuhema, hufika lita 100 au zaidi, na hapo hana hata dakika 17. Mtungi ni uleule. Kilichobadilika ni mwili na akili ya aliyeubeba.

Kwa sababu hiyo kila askari hupimwa matumizi yake akiwa mazoezini, na namba yake hujulikana na wenzake. Timu hugeuka kurudi kulingana na mwenye hewa kidogo kuliko wote. Ikiwa mliingia na bar 300 na mmoja wenu sasa geji yake inasoma 220, basi yeye ametumia 80 kufika hapo. Kurudi atahitaji 80 nyingine, na 55 za akiba zisiguswe. Akifika 135 amechelewa tayari, maana njia ya kurudi huwa ndefu kuliko ya kwenda kwa mtu aliyechoka. Filimbi inatakiwa ikukute nje ya jengo. Anayeisubiri ndipo ageuke ameshaanza kula akiba iliyowekwa kwa ajili ya siku atakayonasa au kupotea.

Hapa ndipo kiburi huleta madhara ya wazi. Askari mwenye geji inayosoma 140 huona haya mbele ya wenzake waliobaki na 180, akatamka 170 kwenye redio. Kamanda aliye nje anaandika 170 ubaoni na kupanga kazi kwa namba hiyo. Uongo wa bar 30 ni lita 200 za hewa ambazo hazipo, yaani dakika mbili na nusu za kazi nzito. Tunawaambia makuruta tangu siku ya kwanza: kusema hewa yako imepungua ni sehemu ya ujuzi, na atakayekucheka kwa hilo ndiye mwenye kasoro.

Barakoa nayo haijali cheo. Ndevu za siku mbili zinatosha kuvunja mguso wa mpira na ngozi, na unywele mmoja ulionaswa pembeni hupitisha hewa vilevile. Mpangilio ni barakoa kwanza, kaza mikanda ya chini kisha ya juu, halafu hudi, yaani kitambaa cha kufunika kichwa na shingo, juu ya mikanda, kofia ngumu mwisho. Kabla ya kuingia, funga njia ya hewa na uvute pumzi: barakoa inapaswa kung'ang'ania uso na kubaki hivyo kwa sekunde 10. Wanaoruka hatua hii kwa kawaida si wapya. Ni wazoefu walioifanya mara mia nne bila kukuta tatizo.

Mazoezi ya giza yana maarifa yake. Ukipotea ndani ya moshi, tafuta mpira wa maji na uufuate hadi kwenye kiungio. Kwenye viungio vya skrubu vya mtindo wa Kimarekani, vyenye upande wa kiume (unaoingia) na wa kike (unaopokea), upande wa kiume ndio unaoelekea kwenye pampu, yaani mlangoni. Upande wa kike unakupeleka kwenye nozeli, yaani mdomo wa mpira, na moto. Kila mtu hulielewa hili darasani kwa dakika moja. Kulitambua kwa vidole vilivyo ndani ya glavu nene, moyo ukidunda, kunahitaji marudio, na vidole husahau haraka. Askari aliyefaulu mtihani huu miaka mitatu iliyopita na hajaurudia tangu hapo asijihesabu kwamba anaujua.

Kuhusu pampu, watu wengi hudhani kazi ya zimamoto iko kwenye nozeli tu, ilhali mwendesha pampu ndiye anayeshika roho za walio ndani. Pampu haivuti maji. Huondoa hewa kwenye mpira wa kufyonzea, na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji juu. Kwa nadharia, usawa wa bahari, maji yanaweza kupanda mita 10.3. Kwa vitendo usitegemee zaidi ya mita 7 hivi. Kama maji hayaji, sababu ya kwanza kutazamwa ni washa za viungio, yaani pete za kuziba, kwa kuwa iliyokakamaa au yenye punje ya mchanga huingiza hewa bila kuonyesha dalili. Ya pili ni chujio. Likikaa karibu na uso wa maji, kimbunga kidogo hujitokeza na hewa hunyonywa. Lizamishe angalau nusu mita, wala lisilale kwenye tope. Ukisikia pampu inatoa sauti kama inasaga kokoto, unataka maji mengi kuliko yanayoingia. Punguza mwendo. Asiyejua huongeza, na huharibu pampu wakati wenzake wako ghorofa ya tano.

Ghorofa hiyo pia ina bei yake: kila mita 10 za kupanda hula bar 1. Msuguano ndani ya mpira una tabia mbaya zaidi, kwani ukiongeza mtiririko mara mbili, hasara ya shinikizo huongezeka mara nne. Mpira wa milimita 65 wenye urefu wa mita 25 ukijaa hubeba maji ya kilo 83, na hakuna ari inayoweza kuuvuta kona mbili za ngazi kama wabebaji hawakupangwa mapema, mmoja kila kona.

Sababu kubwa ya kuendelea kusoma, hata hivyo, ni kwamba moto wenyewe umebadilika. Maabara za UL za Marekani ziliwasha sebule zilizolingana, moja ikiwa na samani za pamba na mbao za zamani, nyingine samani za kisasa zenye sponji na plastiki. Sebule ya zamani ilichukua karibu nusu saa kufikia hatua ya chumba kizima kuwaka kwa mkupuo. Ya kisasa ilifika hapo chini ya dakika 5. Kikosi kinachofika baada ya dakika 8 hukuta mara nyingi moto uliokula oksijeni yote ya chumba na kudumaa, moshi mzito umejaa gesi zinazoweza kuwaka, unasubiri hewa. Mzoefu wa miaka ya nyuma akiona moshi bila miali anaweza kudhani moto umepoa, akavunja mlango na madirisha ili moshi utoke. Anachofanya ni kuulisha. Ndani ya dakika chache, pengine chini ya hapo, chumba kinalipuka kwa moto mbele yake.

Ndiyo maana sasa tunafundisha mlango ubaki umefungwa hadi mpira uwe na maji na watu wako tayari, kisha mtu mmoja aushike mlango ubaki wazi kiasi cha kupitisha mpira tu. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke kwa nyuzi joto 100 hutanuka takriban mara 1,700. Maji mengi yakitupwa ovyo kwenye gesi za moto ndani ya chumba kilichofungwa huwaunguza kwa mvuke askari na aliyenaswa pamoja. Piga maji kwa vipindi vifupi juu, sikiliza, tazama, songa. Kwa aliyezoea kumwaga mfululizo kwa miaka 20, kukubali mafunzo haya kutoka kwa mkufunzi mwenye umri wa mwanawe ni mtihani mkubwa wa unyenyekevu kuliko yote chuoni.

Mambo mengine mapya nitayataja kwa ufupi. Paneli za sola hubaki na umeme mchana hata swichi kuu ikizimwa. Betri za lithiamu hutoa gesi zenye sumu na zinaweza kuwaka tena saa au hata siku kadhaa baada ya kuzimwa, kwa hiyo gari la umeme lililoungua haliegeshwi karibu na mengine.

Unyenyekevu mgumu zaidi ni wa kamanda. Tarehe 3 Desemba 1999, mjini Worcester, Massachusetts, ghala kuukuu la kuhifadhia bidhaa kwa baridi, lililoachwa tupu, liliwaka. Askari waliingia kutafuta watu waliosemekana kulala humo. Jengo halikuwa na madirisha ya kutosha, kuta zake zilipakwa tabaka nene za kuzuia joto, na moshi ulifunga njia ghafla. Wawili walipotea na kuishiwa hewa. Wengine wanne waliowafuata nao hawakurudi. Watu waliokuwa wakitafutwa walikuwa wameshaondoka. Baada ya hapo kamanda wa shughuli za ndani, Mike McNamee, alijiweka mlangoni na kuwakatalia waliotaka kuingia tena kuwafuata ndugu zao. Wote waliotaka kuingia walisukumwa na upendo wa kweli. Anayesimamia tukio anatakiwa ajizoeze mapema, kwenye mazoezi, kutamka neno hilo la kukataa, kwa kuwa siku yenyewe hakuna atakayelipata mdomoni kama hajawahi kulitamka.

Ari iliyopotoka pia huonekana kwenye mavazi. Bado kuna vituo ambako kofia yenye masizi huheshimiwa kama nishani. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la 1, la mambo yanayothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Masizi hayo ndiyo sehemu ya hatari hiyo. Usivue barakoa moto ukishazimika, kwa sababu wakati wa kuchakura mabaki hewa bado ina kaboni monoksidi na sumu nyingine. Suuza koti na suruali kwa maji na sabuni hapohapo kabla ya kuvua, futa shingo, taya na mikono, weka nguo kwenye mfuko uliofungwa, usiziingize chumba cha abiria cha gari, na uoge mapema uwezavyo ukifika kituoni. Hudi ibadilishwe kila baada ya moto. Ngozi ya shingo ni laini, na hapo ndipo sumu hupenya.

Baada ya usafi, timu huketi kabla kumbukumbu hazijachanganyika. Maswali ni machache: tulikusudia nini, nini kilitokea, kwa nini vilitofautiana, tutabadilisha nini. Kamanda asifungue mazungumzo kwa maoni yake, maana akishasema wengine watakubali tu. Aanze aliyetoka chuoni mwezi uliopita. Huenda akasema kwamba mpira ulinasa kwenye kona ya mlango wa pili na hakukuwa na mtu wa kuunasua, jambo ambalo walio mbele hawakuliona kwa sababu walikuwa wanatazama moto. Kesho yake asubuhi, baada ya kukagua mitungi, zamu hiyo itandaze mpira uleule, uliojaa maji, kwenye kona ya mlango wa kituo, na aliyeliona tatizo ndiye apange nani asimame wapi.