Mstari wa 37 umeenda wapi? Habari ya Biblia za Kiingereza

Kila baada ya muda ule ujumbe wa WhatsApp unarudi: "TAHADHARI wapendwa, NIV imefuta mistari, fungua Matendo 8:37 uone". Watu wanafungua hiyo NIV, tafsiri ya Kiingereza cha kisasa, na kweli, 36 halafu 38. Basi simu zinaanza kuingia hapa idara ya Biblia chuoni kwetu.

Jamani, mitume hawakuandika namba. Namba za mistari tunazotumia kwenye Agano Jipya zilitiwa mwaka 1551 na mchapishaji Mfaransa, Robert Estienne, na Biblia nzima ya kwanza ya Kiingereza kuwa na namba za mistari ni Geneva ya 1560. Agano Jipya la Kigiriki la Estienne lilitokana kwa sehemu kubwa na lile la msomi Erasmus la 1516, na Erasmus alikuwa na nakala chache tu za mkono, maneno ya mstari huo wa 37, ya Filipo na towashi, aliyakuta yameandikwa pembeni ya nakala moja, akayaingiza. Biblia ya Kiingereza ya King James ya 1611 ikapita humo humo. Baadaye wakaja kupata nakala za zamani zaidi kama Sinaiticus ya karne ya 4, sehemu yake kubwa sasa iko London, na maneno yale hayamo. Si kwamba ni ya juzi, Irenaeus, mwalimu wa kanisa wa karne ya 2, anayataja, ila wataalamu wengi wanaona hayakuwa ya Luka mwenyewe. NIV ikayashusha chini ya ukurasa kwa herufi ndogo, na namba wakaacha pengo maana wangeisogeza wangevuruga mistari yote inayofuata. Kwenye app bonyeza kile kialama kidogo, utayasoma.

Halafu hii ya kusema King James ndiyo "orijino" inanichosha kidogo. Watafsiri wake wenyewe waliagizwa wafuate Biblia ya Maaskofu ya 1568, na maneno mengi ya Agano Jipya lao ni ya mtafsiri wa kabla yao, William Tyndale, aliyenyongwa na kuchomwa moto mwaka 1536 karibu na Brussels, miaka mitatu tu baadaye Biblia iliyojaa maneno yake ikawekwa makanisani Uingereza kwa idhini ya mfalme! Na Kiingereza chenyewe kimehama, kwenye 2 Wathesalonike 2:7 wameandika "let" wakimaanisha kuzuia, leo mtoto wa shule atakwambia maana yake ni kuruhusu. Kinyume kabisa.

Ila kama unatafuta neno lililotoka kweli kweli, lipo. Mwaka 1631 wachapaji wa London waliruka kineno kimoja tu, "not", kwenye Amri Kumi, ikasomeka uzini. Wakapigwa faini pauni 300, nakala zikakusanywa. Chache zilizobaki sasa ni mali ya thamani.