Kudhibiti magugu kwa njia hai si kumwaga chumvi na siki

Katika nyua nyingi za Dar es Salaam, kuanzia Mbezi Beach hadi Kigamboni, imezoeleka kusema kwamba mtu anadhibiti magugu kwa njia hai pindi tu anapoacha kupuliza dawa ya dukani na kuanza kumwaga maji ya chumvi, siki na sabuni juu ya nyasi zake. Baadhi ya wauza miche wa kandokando ya barabara nao wameipokea kauli hiyo, na mchanganyiko wa namna hiyo huuzwa ndani ya chupa za maji zilizotumika, kwa maelezo kwamba ni wa kilimo hai na kwa hiyo hauna madhara. Maelezo hayo si sahihi, na anayeyaamini huharibu ardhi yake akidhani anaitunza.

Maana yenyewe ni fupi. Kudhibiti magugu kwa njia hai ni kuutunza udongo na nyasi kwa namna ambayo gugu linakosa mwanga, nafasi na mbegu ya kuanzia, kisha yale yanayopenya yakaondolewa kwa mkono au kwa zana, bila kutegemea viuagugu vinavyotengenezwa kwa kemikali za viwandani.

Linalopotoshwa ni tofauti kati ya kitu cha asili na njia hai. Kitu ni cha asili kwa sababu ya kilikotoka, ilhali njia ni hai kwa sababu ya inavyouacha udongo, maji na viumbe baada ya kutumika. Hayo ni maswali mawili, na jibu la moja halitoshelezi jingine. Arseniki, ambayo ni sumu, hupatikana ardhini bila kiwanda chochote, na nikotini, nayo sumu, hutoka kwenye majani ya tumbaku, lakini viwango vya kilimo hai vya Marekani vinakataza arseniki na vumbi la tumbaku lenye nikotini, wakati sabuni fulani za viwandani zinaruhusiwa kwa masharti. Sisi wenyewe tuna Kiwango cha Bidhaa za Kilimo Hai cha Afrika Mashariki, kilichopitishwa mwaka 2007 pamoja na alama yake ya Kilimohai, na anayetaka kuitumia alama hiyo hukaguliwa jinsi anavyoendesha shamba zima, si chupa aliyoshika mkononi. Mwenye ua wa nyumbani hahitaji cheti, ila anapolitumia jina la njia hai ni haki aliheshimu.

Chumvi ndiyo mfano unaoniudhi zaidi, kwa kuwa madhara yake hayaonekani siku ya kwanza. Huua gugu kwa kulinyima maji, kisha haiozi wala haigeuki kuwa kitu kingine. Hukaa palepale mpaka maji yaisukume chini. Kwenye udongo wa mfinyanzi, sodiamu yake huvunja chembechembe zilizoshikana, udongo ukagandamana na maji yakashindwa kupenya. Kwenye mchanga wetu wa pwani, mvua za masika huishusha haraka kuelekea kwenye mizizi ya miti na kwenye visima vifupi. Nyasi kama ukoka na paspalamu ya pwani huvumilia chumvi kwa kiasi kikubwa, lakini mwembe, mgomba na mparachichi haivumilii, na mwenye ua anayeona ncha za majani ya mwembe wake zikikauka kuwa kahawia aghalabu hakumbuki kile alichokimwaga mita chache kutoka kwenye shina.

Siki haina kosa kubwa kiasi hicho, ila inasifiwa kuliko inavyostahili. Siki ya jikoni ina asidi ya asetiki ya takriban asilimia 5, ambayo huunguza jani inalogusa na kuua mche mchanga wenye majani mawili au matatu, hasa jua likiwa kali. Haichagui, kwa hiyo nyasi zilizo jirani huungua pamoja na gugu. Na haishuki mizizini, jambo ambalo ndilo lenye uzito katika jiji hili, kwa sababu gugu letu kubwa kwenye nyasi ni ndago.

Ndago huitambua ukilisokota shina lake kati ya vidole, nawe ukahisi pembe tatu, tofauti na mviringo wa nyasi. Ukichimba taratibu chini ya shina hilo utakuta viazi vidogo vyeusi, vingine kama njegere, vilivyoungana kwa nyuzi ngumu kama shanga kwenye uzi, na kila kimoja kina uwezo wa kuchipua peke yake. Siki huunguza majani ya juu na kuviacha viazi hivyo vikiwa salama, na anayeng'oa kwa kuvuta hukata uzi na kuviacha ardhini vilevile. Kinachofaa ni kuchimba kwa kisu kirefu au jembe dogo na kukitoa kiazi chenyewe, kisha kurudia kila chipukizi jipya kabla halijafikisha wiki tatu au nne, maana baada ya hapo huanza kutunga viazi vingine. Ni kazi ya miezi, na anayeahidi siku tatu anadanganya.

Mbigili ni rahisi kudhibiti kuliko ndago: hung'olewa na mzizi wake kabla miba haijakomaa, kwa kuwa kila tunda lake lenye miba hubeba mbegu. Kifauongo, ambacho ni cha jamii ya kunde na hujipatia naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini, hustawi pale ambapo nyasi zina njaa, kwa hiyo kukichimba bila kuweka mboji ni kukiachia nafasi ileile kirudi.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya njia hai hufanyika kabla gugu halijaonekana. Nyasi za Pemba na za kapeti aghalabu hukatwa fupi hadi udongo uonekane, ili zichukue muda kabla ya kukatwa tena, na kwa kufanya hivyo mwanga huzifikia mbegu za magugu zilizokuwa zimelala. Ni afadhali kila mkato uondoe theluthi moja tu ya urefu, nyasi za Pemba zikaachwa na sentimita tano au zaidi, kwani ndago nayo haipendi kivuli. Udongo mweusi unaoletwa na kirikuu kutoka mabondeni ukaguliwe kwa mikono kabla ya kusambazwa, kwa kuwa viazi vya ndago husafiri ndani yake. Samadi mbichi ya ng'ombe nayo imejaa mbegu. Irundikwe, ipinduliwe, na iachwe ipate joto la nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi, ndipo mbegu nyingi zife. Maji yatolewe kwa wingi na kwa nafasi, asubuhi, badala ya kidogokidogo kila jioni.

Basi mtu akikwambia kwamba amehamia njia hai kwa kumwaga chumvi, mweleze kwa upole kwamba alichotumia ni kitu cha asili, na kwamba ua wake haujawa hai kwa sababu hiyo. Mweleze pia kwamba akiacha chumvi, akapandisha kimo cha mashine ya kukatia nyasi na kuanza kuchimba ndago kwa kisu, atakuwa anafanya hasa kile alichodhani anakifanya.