Acheni kuisingizia sinthetiki

Wiki hii tena. Mteja ana Mark II ya miaka ya 90, gia ya pili inachelewa kushika, na kabla sijafungua boneti nimeshapewa sharti: "Fundi, niwekee ATF yoyote ila sinthetiki. Inakula sili za magari ya zamani." (ATF ni oili ya giaboksi ya otomatiki, sinthetiki ni oili iliyoundwa kiwandani, na sili ni mipira inayozuia oili isivuje.) Kasikia wapi? Kwa jirani. Jirani kasikia kwa shemeji yake Kizota. Naandika hapa ili safari ijayo nitume linki tu nirudi chini ya gari.

Uvumi huu haukutoka hewani. Oili za sinthetiki za miaka ya 70, za injini, nyingi zilitengenezwa kwa msingi unaoitwa PAO, na PAO peke yake haiuvimbishi mpira wa sili kama oili ya kawaida inavyouvimbisha. Sili zikanywea, injini zikavuja. Watengenezaji wakaongeza kemikali iitwayo esta kurudisha ule uvimbe, na kesi ikaisha kabla wengi wetu hatujajua kushika spana. Leo ATF yenye kibali cha Dexron, kiwango cha General Motors, lazima ipimwe na mpira wa sili kabla ya kupewa kibali hicho. Sili ya gari lako inavuja kwa sababu imekaangwa na joto zaidi ya miaka 20 mpaka imekuwa ngumu kama ukucha. Ilikuwa inavuja tangu zamani, ni vile tu ulikuwa hujainama ukaangalia.

Na hilo jina kwenye kopo lisikutishe wala lisikuvimbishe kichwa. Mwaka 1999 kule Marekani, chombo kinachosuluhisha ugomvi wa matangazo kilikubali kwamba hata oili iliyotokana na mafuta ghafi, ikichakatwa sana, inaweza kuuzwa kama sinthetiki. Unayeweka "sinthetiki ya bei mbaya" na unayeikimbia mnaweza kuwa mnabishana juu ya kitu kilekile.

Sasa tufike kwenye kinachoniudhi kweli. Swali si sinthetiki au kawaida. Swali ni: giaboksi hii ilitengenezewa oili ya aina gani, na uzito wake, yaani ugumu wake wa kutiririka, ni upi?

ATF nyingi mpya ni sinthetiki, sawa, lakini pia ni nyepesi, kwa sababu watengenezaji wanatafuta kupunguza ulaji wa mafuta. WS, ATF mpya ya Toyota, ikiwa kwenye nyuzi 100 ina uzito wa kama sentistoki 5.5 (ndicho kipimo cha uzito huo). T-IV, ya Toyota iliyoitangulia, na zile za daraja la Dexron III zipo kwenye 7 hivi. Unaona tofauti ndogo? Kwenye valvu bodi iliyolika (kile kipande kinachogawa presha ya oili ndani ya giaboksi) si ndogo. Valvu zinateleza ndani ya matundu ya aluminiamu, matundu yanapanuka taratibu kwa miaka, na oili nyepesi inapenya pembeni ya valvu badala ya kwenda kusukuma pistoni ya klachi. Presha inashuka, pleti zinabanwa kivivu, zinateleza, zinaungua. Mwenye gari anaangalia kopo, anaona limeandikwa sinthetiki, hukumu imetoka. Kosa la uzito kabebeshwa asiyehusika.

Halafu unakuta muuza spea anamwambia mtu, "WS ndiyo toleo jipya, inafaa Toyota zote." Haifai. Toyota wenyewe wamezitenganisha. Vuta stiki ya giaboksi, ifute, isome. Kwenye Toyota nyingi za zamani jibu limegongwa palepale kwenye chuma, karibu na alama za HOT na COOL: DEXRON, au T-IV. Herufi ni ndogo na zimejaa nta ya oili ya zamani. Pangusa na kitambaa chenye petroli kidogo, elekeza stiki kwenye jua, uigeuze mpaka zisomeke. Ile stiki haina shemeji Kizota.

Ukishajua aina, chukua sinthetiki ya aina hiyo na uzito huo, mwaga ya zamani, weka hiyo, endesha. Zinachanganyika na oili ya kawaida bila ugomvi. Tena zitachanganyika utake usitake, maana ukifungua nati ya sampo, lile bakuli la chini ya giaboksi, inatoka nusu tu, pengine pungufu ya nusu. Nyingine imebaki kwenye torku konveta, ile inayounganisha injini na giaboksi. Ukimwaga mara moja una nusu mpya, mara ya pili robo tatu, mara ya tatu ndiyo unakaribia asilimia 90. Kwa hiyo anayejisifu kwamba "amehamia sinthetiki" kwa kumwaga mara moja amehamisha mguu mmoja.

CVT (giaboksi inayotumia mkanda badala ya gia): usiweke ATF. Kabisa. Mkanda wa chuma unahitaji oili yake. Tuendelee.

Kuna sehemu vitabu vina uhakika kuliko mimi. General Motors waliacha kutoa vibali vya Dexron III mwishoni mwa 2006, kwa hiyo kopo la leo lenye jina hilo umebaki na neno la muuzaji tu. Wao wanasema weka Dexron VI, inafaa mahali pa zote zilizotangulia. Karatasi inasema ruksa. Lakini Dexron VI nayo ni nyepesi kuliko III, na kwenye giaboksi iliyokwisha kuchoka mkono wangu bado unasita. Naweka yenye uzito wa zamani ikipatikana kwa mtengenezaji ninayemwamini.

La pili ni gari lenye kilomita laki mbili na ushee ambalo halijawahi kumwagwa oili. Wapo mafundi wanaosema unga wa pleti unaoelea kwenye oili chafu ndio unaosaidia klachi kushika, ukiutoa gari linakufa. Siiamini sana, ila siicheki. Ninachojua ni kwamba watu wengi huja kumwaga ATF gari likiwa tayari linateleza, na likifa wiki mbili baadaye wanalaumu oili mpya. Mimi nashusha sampo kwanza, naangalia sumaku. Uji wa kijivu laini unaopaka kidole ni uchakavu wa kawaida, namwaga bila wasiwasi. Vipande vinavyong'aa vinavyochoma kidole, au oili nyeusi inayonuka kuungua, namwita mwenye gari aone mwenyewe kabla sijagusa kitu.

Je, sinthetiki ina faida hapa Dodoma? Moja ya sifa zake ni kutiririka kwenye baridi kali. Asubuhi za Julai tunavaa makoti, ila giaboksi haina habari. Faida yetu ni kwenye joto: haichakai haraka. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zikizidi, umri wa oili unapungua kwa karibu nusu. Lakini tuseme ukweli wa mji huu: ATF kwenye magari mengi inapozwa ndani ya rejeta, na rejeta nyingi ninazofungua zimejaa magamba meupe ya maji ya kisima yenye chumvi. Unanunua sinthetiki ya gharama halafu unajazia rejeta kwa dumu la maji ya bomba la chumvi. Anza na kuleni (maji maalumu ya rejeta) na kusafisha rejeta.

Kupima: gari liwe limepata moto, mahali tambarare, injini inawaka, pitisha gia zote taratibu, rudisha P, ndipo usome upande wa HOT. Kama gari lako halina stiki, usinipigie kuuliza ni lita ngapi. Hilo linapimwa kwa joto la oili yenyewe, likiwa limenyanyuliwa sawasawa, nati ya kipimo ikiwa imefunguliwa. Lilete.