Gemu za Zamani, Skrini Gani? Anza na Mistari, Inchi Baadaye

Vijana wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wanaoniletea laptop niwawekee emuleta, yaani programu inayoiga mashine za gemu za zamani, huwa na swali lilelile: "Fundi, nikachukue flati ya inchi ngapi?" Mimi huanza na hesabu ya mistari, yaani safu za pikseli (nukta za picha) kutoka juu hadi chini.

Mashine ya gemu ya Super Nintendo hutoa picha ya pikseli 256 kwa 224. Mega Drive mara nyingi ni 320 kwa 224, na gemu nyingi za PlayStation ya kwanza zinazunguka kwenye mistari 240. Picha ndogo hivyo lazima itanuliwe, na inapendeza pale kila pikseli inapokuzwa mara kamili: mara tatu, mara nne, mara tano. Sasa chukua flati ya inchi 32 ya bei nafuu. Nyingi zina paneli ya 1366 kwa 768, na 768 ukigawa kwa 240 unapata 3.2. Hiyo 0.2 ya ziada ndiyo balaa. Mstari mmoja unakuwa mnene, wa jirani mwembamba, na Mario akianza kukimbia matofali yote yanatetemeka. Full HD, yenye mistari 1080, nayo inakupa 4.5. Ukikubali kukata mistari michache juu na chini, utapata mara tano safi, kwa sababu 216 mara 5 ni 1080. 4K, yenye mistari 2160, hesabu yake inakubali, mara tisa kamili, ila kwa gemu ya mwaka 1991 hiyo ni hela ya bure.

Chaguo langu ni lile watu wanalolidharau: monita ya ofisi ya mtumba, ile ya mraba ya inchi 17 au 19, yenye 1280 kwa 1024. Piga hesabu uone. Mistari 240 mara 4 ni 960, na 1280 kwa 960 ni umbo la 4:3 kamili, lile la TV ambazo gemu hizi zilitengenezewa. Upana wa 320 mara 4 ni 1280. Upana wa 256 mara 5 ni 1280 vilevile! Mega Drive, Super Nintendo, PlayStation, zote zinakaa, na kinachobaki ni ukanda mwembamba mweusi juu na chini. Kwa mji wenye ofisi nyingi kama Dodoma, monita hizi hazikosekani kwa mafundi wa kompyuta. Tafuta yenye DVI, tundu la picha ya kidijitali, maana waya wa HDMI kwenda DVI unapitisha picha bila kuigeuza. Sauti utaitoa kwenye tundu la hedifoni la laptop. Washa ukiwa hapohapo, weka picha nyeupe tupu, ukague pikseli zilizokufa na taa ya nyuma iliyofifia pembeni.

TV ya chogo? Kwa uzuri wa picha sina ubishi nayo. Inamulika picha na kuizima haraka, kwa hiyo kitu kinachokimbia hakiachi ukungu, wakati flati inaishikilia picha mpaka inayofuata ije. Yale maporomoko ya maji kwenye Sonic, gemu ya Mega Drive, yalichorwa kwa milia ya wima, na waya wa njano wa AV ndio unaoyachanganya yaonekane kama maji angavu. Lakini usiiunganishe kwa kile kiboksi cha kugeuza HDMI kuwa AV. Hakitoi mistari 240 tulivu, kinatoa mistari nusunusu kwa zamu, picha inacheza na inachelewa kujibu unapobonyeza. Bora Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya kiganjani yenye tundu lake la AV. Ukikagua chogo, iache iwake kama dakika ishirini: ikichelewa kung'aa, mirija imechoka. Ikitoa mlio wa cheche, vumbi letu limeingia kwenye volteji kubwa. Usifungue mwenyewe, humo mna volti zaidi ya elfu ishirini.

Kama flati unayo tayari, usiitupe. Ingia kwenye menyu uwashe modi ya gemu, uzime vinavyoitwa kulainisha mwendo na kuboresha picha. Kule kuchelewa kunakokukera kati ya kubonyeza na skrini kujibu mara nyingi kunatoka humo. Kupima ni rahisi: simu inayorekodi fremu (picha) 240 kwa sekunde, ielekeze kidole na skrini vionekane pamoja, kisha hesabu fremu kuanzia kubonyeza mpaka Mario aruke. Kila fremu ni milisekunde 4 hivi. Programu ya emuleta ya RetroArch ina kipengele cha kukimbilia fremu mbele, kinapunguza sehemu ya kuchelewa kwa gemu yenyewe, kwa gharama ya prosesa.

Kwa wale wa Duck Hunt, gemu ya Nintendo ya kuwinda bata, na bastola yake ya zamani: hapo ni chogo tu. Ukivuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi, kisha kisanduku cheupe kinatokea alipo bata, na bastola inasubiri mwanga huo wakati uleule. Kwenye flati unafika umechelewa. Kwenye emuleta utatumia mausi, na mbwa atakucheka vilevile ukikosa.