Bolti ya kukatika kwenye mashine ya kuchimbia mashimo: kwa nini usiweke ngumu

“Shikamoo fundi. Bolti ya tano hii tangu asubuhi. Hapa nina kipande cha nondo, nikikichomeka si kitashika?”

“Marahaba. Kitashika, na ndiyo shida yenyewe. Zima trekta, chomoa ufunguo, nisubiri.”

Simu hiyo ilinikuta mwezi wa saba, wakati ambao huku Njombe watu wanachimba mashimo ya parachichi ili mvua zikianza Novemba zikute udongo umeshachanganywa na samadi. Shimo la parachichi ni sentimita 60 kwenda chini na 60 upana. Ukipanda kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari moja inameza mashimo zaidi ya 80. Kwa jembe na sururu hizo ni siku nyingi za vibarua. Kwa mashine inayofungwa nyuma ya trekta kazi inakwisha haraka, ilimradi bolti isikatike kila baada ya mashimo mawili.

Nimeandika haya kwa sababu kila msimu napigiwa simu ileile, na kila msimu kuna mtu ambaye hakupiga simu akaweka nondo.

Kwanza tuelewane bolti hii inakaa wapi na inafanya nini. Nguvu inatoka kwenye PTO, ile shafti ya nyuma ya trekta inayotoa nguvu za injini, inapita kwenye propela, yaani mhimili mrefu unaozunguka, inaingia kwenye giaboksi iliyo juu ya keekee, ile skrubu kubwa inayochimba. Kwenye mashine nyingi, kichwa cha propela kinavaa shafti ya giaboksi iliyo laini, haina meno. Kinachofanya viwili hivyo vizunguke pamoja ni bolti moja tu iliyopita katikati, kutoka upande huu hadi ule. Keekee ikigonga jiwe au ikang'ang'ania mzizi, inasimama ghafla. Injini haisimami, ina gurudumu zito linalotaka kuendelea kuzunguka. Lazima kitu kikubali kushindwa. Aliyebuni mashine alichagua kishindwe kile cha bei ndogo, kinachobadilishwa shambani kwa spana mbili.

Ukiweka kitu kigumu mahali pale, ile nguvu haipotei. Inakwenda kutafuta kingine: meno ya giaboksi, krosi ya propela (kiungo chake kinachopinda), au shafti yenyewe. Nimefungua giaboksi ya namna hiyo mezani kwangu nikamwaga oili pamoja na meno ya gia yaliyong'oka. Mwenye mashine alikuwa mzee aliyeuza ng'ombe kuinunua, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Sasa hesabu kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiwa na nia njema. Trekta inayofikisha hospawa 50 kwenye PTO, ikizungusha propela mara 540 kwa dakika, inasokota kwa nguvu ya takribani nyutoni-mita 650. Chukua bolti ya chuma laini ya milimita 12, ile iliyoandikwa 4.6 kichwani, kwenye shafti ya milimita 35. Inakatika ikifikishwa karibu 950. Yaani inabeba kazi ya kawaida na akiba kidogo, lakini kishindo cha jiwe kinaikata. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Weka iliyoandikwa 8.8, kiwango kinapanda hadi kama 1,900, karibu mara tatu ya nguvu ya trekta yenyewe. Hapo ulinzi umeuondoa kwa mkono wako.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wenzangu hawalitazami. Bolti yenye meno kuanzia mwisho hadi shingoni ni nyembamba kuliko inavyoonekana, kwa sababu meno yamekula chuma. Ileile ya 4.6, ikiwa na meno mahali inapokatwa, inashuka hadi kama 700. Kwa trekta ya nyutoni-mita 650 hiyo ni sawa na kutokuwa na akiba kabisa. Kila mzizi mdogo unaikata. Dereva anaona bolti tano zimekwenda asubuhi moja, anaamini bolti laini hazifai, anatafuta nondo. Bolti laini haikuwa na kosa. Alipewa ya meno matupu badala ya yenye shingo laini, ambayo meno yako mwishoni tu, penye nati.

Nilipofika shambani kwa yule kijana aliyenipigia simu nilikuta jambo hilohilo, na la pili juu yake. Tundu la shafti lilikuwa la nusu inchi, yaani milimita 12.7. Bolti aliyouziwa ilikuwa ya milimita 12. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini bolti inayocheza ndani ya tundu inagongwa kila propela inapoanza kuzunguka, na tundu linaanza kuwa yai. Kabla ya kwenda dukani pima bolti iliyotoka kwenye mashine, au soma kitabu cha mashine kama bado unacho. Usiseme “ya namba kumi na mbili au nusu inchi, yoyote tu”. Na utazame kichwa chake. Za inchi, kichwa kisicho na mstari wowote ndiyo laini. Yenye mistari mitatu ni ngumu, yenye sita ni ngumu zaidi. Za milimita zimeandikwa namba: 4.6 na 4.8 ni laini, 8.8 na 10.9 ni ngumu. Muuza duka atakusifia ile ya 10.9 kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu kwa kazi nyingine ndiyo bora. Mshukuru, uchukue ile laini.

Kubadilisha kwenyewe. Keekee iwe imeshuka ardhini, si kuning'inia. Toa PTO, zima injini, ufunguo uingie mfukoni mwako wewe unayeshika spana, usiachwe kwenye trekta. Subiri kila kitu kisimame. Hili la ufunguo silijadili na mtu. Msaidizi akikaa kwenye kiti “kukusogezea kidogo” ili matundu yalingane, mikono yako iko mahali pabaya kuliko pote kwenye shamba. Kulinganisha matundu zungusha propela kwa mkono.

Bolti iliyokatika inaacha vipande vitatu: viwili kwenye kichwa cha propela na kimoja katikati ya shafti. Vile vya pembeni hutoka kwa kugongwa kidogo. Cha katikati ndicho kinachochosha watu, kwa sababu kimefichwa. Zungusha kichwa cha propela mpaka uone tundu la shafti limelingana, kisha gonga kwa tindo ya duara iliyo nyembamba kuliko tundu. Usitumie msumari, unapinda na kukwama ndani, kazi inakuwa mbili. Kikigoma, tia oili nyepesi, nenda kanywe chai, rudi ugonge tena. Mara nyingi kinachokizuia ni ukingo wa chuma uliotambaa wakati bolti inakatwa, kama ukucha. Ukingo huohuo hukwangua shafti, kwa hiyo kikishatoka vua kichwa cha propela chote, pitisha tupa kwenye midomo ya matundu mpaka kidole kisikwaruzwe.

Kisha paka grisi kwenye shafti kabla ya kurudisha. Wengi wanaruka hatua hii. Bolti ikikatika, kichwa cha propela kinatakiwa kizunguke bure juu ya shafti. Kama kuna kutu, kinang'ang'ania na kuendelea kuisukuma giaboksi hata bila bolti, au kinaila shafti mpaka iharibike. Na ukisikia ule mlio wa “tak!” keekee ikasimama, toa PTO papo hapo. Usimalizie sentensi unayomwambia mwenzako.

Kaza nati yenye plastiki ndani ili isilegee kwa mtetemo. Bolti ikae imara, isicheze. Urefu nao una maana: ikipita nati kwa meno mawili matatu inatosha. Hapa naomba unisikilize vizuri. Ncha ya bolti inayochomoza kwenye propela ni ndoano. Propela inazunguka mara 9 kila sekunde, na ikishashika nguo inavuta zaidi ya mita mbili kwa sekunde moja. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali, tunavaa makoti marefu na kujizungushia skafu shingoni, na ndio wakati huohuo wa kuchimba mashimo. Nilifanya kazi na mtu aliyepoteza mkono hivyo. Alikuwa ameinama kuangalia kina cha shimo. Bolti iliyokuwepo ilikuwa ndefu kwa sentimita tatu tu kuliko inavyotakiwa, na kifuniko cha plastiki cha propela kilikuwa kimevunjika siku nyingi.

Udongo ukiwa mkavu na keekee ikagoma kushuka, utaona vibarua wanataka kukalia boriti ya mashine waongeze uzito. Wakataze. Mwaga maji kwenye alama ya shimo jioni ya siku iliyotangulia, au noa na kubadilisha meno ya keekee. Meno yaliyolika ndiyo sababu kubwa ya keekee kugoma.

Ukibadilisha bolti, kitazame kile kipande kilichotoka, usikitupe tu. Kikiwa kimekatwa sawa kama jibini, uso umelainika kuelekea upande mmoja, kilikatwa mara moja na kishindo. Hilo ni jiwe au mzizi, na bolti ilitimiza kazi yake. Kikiwa kimepinda kama goti kabla ya kukatika, matundu yamekuwa makubwa. Peleka kwa fundi wa kukereza vyuma kabla hayajaharibika zaidi. Na ukiona mistari myembamba kama ya mawimbi ufukweni, sehemu moja ya uso imefifia na nyingine inang'aa, bolti ile ilikuwa inakatika kidogo kidogo siku nyingi kwa sababu ilikuwa imelegea. Vipande vyote viingie kwenye kopo. Ng'ombe watalishwa shambani humo baadaye, na chuma tumboni mwa ng'ombe ni kifo cha polepole.

Kijana nilimwonyesha pia namna ya kuchimba. Tia PTO injini ikiunguruma taratibu, usitie kwa kishindo. Shusha keekee sentimita 15 hadi 20, inua itapike udongo, shusha tena. Ukiiachia ishuke moja kwa moja itajipenyeza kama skrubu na kujizika. Ikijizika, usilazimishe kuinua kwa mikono ya trekta. Zima, toa bolti, izungushe kinyume kwa spana kubwa ya bomba mpaka ilegee.

Tulimpata mwenye duka aliyekuwa na za nusu inchi, kichwa kitupu kisicho na mstari, shingo laini. Akanunua kumi. Shamba lile lilikuwa la miti ya miwati zamani, visiki viling'olewa lakini mizizi bado imo, kwa hiyo nilimwambia asitegemee siku bila kukatika hata moja. Jioni alikuja kwangu na kopo lake. Mashimo 58, bolti mbili. Tulivishika vipande vyake chini ya taa, tukavigeuza. Vyote vimekatwa sawa.