Msaada wa Maendeleo Unapopewa Kazi ya Kuzuia Wahamiaji

Ninapochambua bajeti ya mfadhili, hutafuta kwanza ni nani atakayelalamika mradi ukishindwa: mkulima aliyeahidiwa kisima, au waziri wa Ulaya aliyewaahidi wapigakura wake kwamba boti za wahamiaji zitapungua. Jibu hilo huonyesha kazi halisi ya fedha kuliko jina la mradi.

Mfano ulio wazi ni Mfuko wa Dharura wa Umoja wa Ulaya kwa Afrika, uliozinduliwa Valletta, Malta, Novemba 2015. Mfuko huo, uliofikia takriban euro bilioni 5, nyingi zikitoka katika mafungu ya maendeleo, uligharamia ajira za vijana na, chini ya mwavuli uleule, mafunzo ya walinzi wa pwani wa Libya. Mwaka 2018 wakaguzi wa hesabu wa Umoja huo walieleza kuwa malengo yake yalikuwa mapana mno. Hata hoja ya ajira ina kasoro, kwa kuwa tafiti nyingi zinaonyesha kwamba kipato kinapopanda katika nchi maskini, wanaohama kwanza huongezeka, maana nauli hupatikana.

Nchini Niger, sheria ya mwaka 2015 dhidi ya usafirishaji wa wahamiaji, iliyoungwa mkono na Umoja wa Ulaya, iliwafanya madereva wa Agadez, mji wa jangwani kaskazini mwa nchi hiyo, waliokuwa wakisafirisha abiria hadharani kuwa wahalifu. Serikali ya kijeshi iliifuta Novemba 2023. Isitoshe, kanuni za OECD, shirika la nchi tajiri linaloweka vigezo vya kuhesabu misaada, zinaruhusu gharama za kumhudumia mkimbizi katika mwaka wake wa kwanza ndani ya nchi ya mfadhili zihesabiwe kuwa msaada. Mwaka 2022 gharama hizo zilizidi asilimia 14 ya msaada wote, nazo (hili hunikera) hazikuvuka hata mpaka.

Tanzania iliwekwa katika kundi la Pembe ya Afrika la mfuko huo, ingawa Waethiopia wanaopita huku kwetu huelekea Afrika Kusini, si Bahari ya Mediterania. Juni 2012 miili ya wahamiaji zaidi ya 40, waliokosa hewa ndani ya lori, ilipatikana mkoani Dodoma. Kwa maoni yangu, programu inayopimwa kwa idadi ya wanaofika Italia haiwezi kuhesabu vifo hivyo kuwa kushindwa kwake, na ndiyo maana katika kila hati ya mradi mimi huanza kusoma jedwali la viashiria, yaani vipimo vya mafanikio ya mradi, kabla ya utangulizi.