Hoteli Ndogo na Hesabu ya Siku Bila Mgeni

Kazi yangu ni kukagua hesabu za hoteli ndogo, zile zenye vyumba kati ya 8 na 30, ambazo mwenyewe ndiye meneja, na pengine ndiye mpokeaji wageni usiku. Kila ninapoanza kazi na mwenye hoteli mpya, humuuliza swali moja kabla sijafungua daftari lolote: kama kuanzia kesho asingeingia mgeni hata mmoja, angeweza kulipa mishahara, umeme, kodi ya jengo na rejesho la mkopo mpaka tarehe gani? Wengi hunijibu kwa kunieleza vyumba vyao vilivyojaa msimu uliopita, jambo ambalo sikuliuliza.

Swali hilo lina jibu la tarakimu. Chukua fedha taslimu na salio la benki, toa kila kisicho chako, kisha gawanya kwa gharama za siku moja ambazo hazikwepeki hata hoteli ikiwa tupu. Ugumu uko katika kutoa kisicho chako. Nakumbuka hoteli moja ya vyumba 16 ambayo mwenyewe, mama mmoja mwenye uzoefu mrefu wa kazi hii, aliniambia kwa uhakika kwamba anaweza kukaa miezi minne. Tuliketi mapokezi na taarifa ya benki upande mmoja na daftari la nafasi zilizohifadhiwa upande wa pili, tukaanza kuweka alama ya penseli kwenye kila arbuni, yaani malipo ya awali, ya mgeni ambaye bado hajafika. Tukaondoa pia kodi aliyowatoza wageni kwa niaba ya serikali na ambayo ilikuwa haijawasilishwa. Zilibaki siku 37. Alilifunika daftari, akanyamaza kidogo, kisha akalifunua tena na kuniomba turudie hesabu tangu mwanzo. Zikawa 37 tena.

Arbuni ndiyo inayowadanganya wengi, kwa sababu huingia benki ikiwa na sura ya mapato, ilhali ni deni: hoteli inadaiwa usiku ambao haijautoa. Wakati wa utulivu deni hilo hujilipa lenyewe kidogo kidogo, wageni wakija na kuondoka. Msukosuko unapotokea, wote wenye nafasi hudai fedha zao katika wiki ileile, na ndiyo wiki ambayo hakuna arbuni mpya inayoingia kufidia ya zamani. Mwaka 2020, safari za kimataifa za watalii zilipopungua kwa zaidi ya asilimia 70 zikilinganishwa na mwaka 2019, hoteli nyingi duniani zilijaribu kuwapa wageni hati ya kuja baadaye badala ya fedha. Njia hiyo hufaa pale mgeni anapoichagua kwa hiari yake. Akilazimishwa, unabaki na mdai mwenye hasira na mgeni uliyempoteza. Ushauri wangu ni kufungua akaunti ya pili kwa ajili ya arbuni peke yake, na kuhamisha fedha kwenda akaunti ya matumizi siku mgeni anapokabidhiwa ufunguo, si kabla ya hapo.

Baada ya fedha, jambo linalofuata huwa ni bei, na hapo wamiliki hukimbilia kupunguza bila kuuliza ni msukosuko wa aina gani. Ipo mitikisiko inayowazuia watu kufika, na ipo inayowapunguzia uwezo wa kulipa. Aprili 2010, majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull nchini Iceland yalipofunga anga ya sehemu kubwa ya Ulaya kwa siku kadhaa, msafiri ambaye ndege yake haikuruka asingefika hata kama chumba kingekuwa bure, na wakati huohuo wengine walikuwa wamekwama wakitafuta pa kulala usiku mmoja zaidi. Kupunguza bei hakukuwa dawa ya hali hiyo. Kilichohitajika ni kubadili tarehe haraka na kwa upole.

Hata pale punguzo linapofaa, hesabu yake ni kali kuliko inavyoonekana. Tuseme chumba kinauzwa kwa 100, na kila mgeni anapolala, hoteli inatumia 30 kwa kufua mashuka, kifungua kinywa, sabuni, maji na kamisheni ya wakala aliyemleta. Kinachobaki kulipia gharama za kudumu ni 70. Ukipunguza bei kwa asilimia 20, kinachobaki ni takriban 50, na ili upate kiasi kilekile cha mwanzo ni lazima uuze vyumba asilimia 40 zaidi, katika kipindi ambacho wageni ndio wanaopungua. Naona ni bora kuacha bei ilipo na kuongeza kitu kisichokugharimu sana, kama saa za kutoka zilizosogezwa mbele au haki ya kufuta nafasi bila faini. Wakati wa wasiwasi mgeni hununua uhuru wa kubadili mawazo, na huo hauchakazi mashuka.

Hoteli ndogo ina nafasi nyingine ambayo hoteli kubwa huipata kwa shida: inaweza kujikunja. Badala ya kutawanya wageni wanne katika ghorofa tatu, wakusanye katika ghorofa moja, zima mitambo ya kupoza hewa na majokofu ya vyumba vilivyobaki, na ufue mara chache kwa mzigo uliojaa. Lakini chumba kilichofungwa si chumba kinachopumzika. Maji yaliyotuama kwenye mabomba yakiwa kati ya nyuzi 20 na 45 za Selsiasi hulea bakteria wa Legionella, wanaosababisha homa kali ya mapafu mtu anapovuta mvuke au matone madogo yenye vimelea hivyo. Kwa hiyo kila wiki mtu mmoja anapaswa kupita na daftari, chumba hadi chumba. Anafunika kichwa cha bomba la mvua kwa kitambaa ili matone yasiruke, anafungua polepole, anaacha maji ya baridi na ya moto yatiririke kwa dakika kadhaa mpaka joto lake litulie, anavuta maji ya choo kifuniko kikiwa chini, kisha anaandika tarehe na kuweka saini. Tangi la maji ya moto libaki kwenye nyuzi 60. Mzunguko huohuo hujaza tena maji kwenye kona ya bomba chini ya sinki. Kona hiyo ikikauka, harufu ya maji machafu hupanda chumbani, na chumba kinachofunguliwa baada ya miezi miwili humpokea mgeni kwa uvundo.

Kuhusu wafanyakazi nitasema machache, ingawa ndiko ninakoona makosa yasiyorekebishika. Katika hoteli ya watu tisa, kumwondoa mmoja ni kuondoa kumbukumbu: ni yeye aliyejua koki kuu ya maji iko nyuma ya kabati gani, na mgeni yupi hapendi chumba cha karibu na ngazi. Kupunguza saa kwa makubaliano ya wote, kwa hesabu zilizowekwa mezani, mara nyingi huwa nafuu kuliko kuajiri na kufundisha upya, mradi sheria ya kazi ya mahali husika iheshimiwe.

Mawakala wa mtandaoni, wanaouza vyumba kwa niaba ya hoteli, nao wana sehemu yao. Kamisheni yao, ambayo mara nyingi ni asilimia 15 au zaidi, inavumilika. Kinachoumiza ni kwamba mgeni ni wa kwao, si wa hoteli. Mwaka 2020 baadhi yao waliwaruhusu wageni kufuta nafasi na kurudishiwa fedha zote hata pale masharti ya hoteli yalipokataza. Mwenye hoteli asiye na orodha yake ya wageni, iliyokusanywa kwa ridhaa yao, hakuwa na mtu wa kumwandikia.

Bima ya kukatizwa kwa biashara isomwe kabla ya kuhitajika, kwa kuwa mikataba mingi hulipa tu jengo linapoharibika, kwa moto au mafuriko. Nchini Uingereza, biashara zilipodai fidia ya hasara ya janga la UVIKO-19, ilibidi suala la maneno ya mikataba ya bima hiyo lifike Mahakama ya Juu, ambayo tarehe 15 Januari 2021 iliamua kwa sehemu kubwa upande wa waliokatiwa bima. Hoteli yenye siku 37 haiwezi kusubiri hukumu.

Yule mama wa vyumba 16 tulikutana tena misimu miwili baadaye, siku zake zikiwa 81. Alitaka kupaka rangi upya upande wote wa mbele wa jengo. Tuligawanya makadirio ya fundi kwa gharama ya siku moja, tukapata siku tisa. Alitoka nje, akalitazama jengo kutoka barabarani kwa muda, akarudi na kusema atapaka lango tu.